Makaburi ya City Park, Nairobi: Anzeni na Pinto

Hotuba kwa waelekezi wa kujitolea

Wazee wetu, mabibi na mabwana, nanyi vijana mliojitolea kuwatembeza watu kule City Park, hamjambo nyote.

Tumeombwa tuzungumzie waliolala pale Parklands, na namna ya kusimulia maisha yao kwa mtu anayefika kaburini kwa mara ya kwanza. Neno letu la kwanza ni hili: anzeni na Pinto. Waelekezi wengi huanza na Joseph Murumbi kwa kuwa alikuwa Makamu wa Rais, na kwa kuwa kaburi lake lina sanamu na linaonekana kwa urahisi. Wakibakiwa na dakika kumi ndipo wanapoingia upande wa makaburi kumwonyesha mgeni alipolala Pio Gama Pinto, mwanahabari na mbunge aliyeuawa mwaka 1965. Mpangilio huo umepinduka. Murumbi yuko City Park kwa sababu ya Pinto. Alitaka azikwe karibu na rafiki yake, na mgeni asiyejua rafiki huyo alikuwa nani hawezi kuelewa kwa nini mtu aliyekuwa na nyumba kubwa na shamba kule Trans Mara amelala katika bustani ya umma mjini Nairobi.

Kuhusu mahali penyewe, maneno machache yanatosha. City Park iko kati ya Limuru Road na barabara ya Profesa Wangari Maathai, ile iliyokuwa ikiitwa Forest Road. Ni bustani ya umma tangu miaka ya 1920, na ndani yake bado kuna kipande cha msitu wa asili. Ilianza ikiwa na hekta zaidi ya 90. Vipande vimemegwa kimoja baada ya kingine, na leo zimebaki kama 60. Mwaka 2009 ilitangazwa kuwa turathi inayolindwa na sheria. Mpeni mgeni maelekezo kamili kabla hajatoka nyumbani, maana makaburi ya Forest Road ni mengine, na dereva akiambiwa tu "makaburi ya Parklands" anaweza kumshusha kusiko. Mwambieni pia afiche chakula ndani ya mkoba. Kima wa City Park wamezoea watu, na mwenye ndizi mkononi huwa hasikilizi tena habari za mtu yeyote.

Sasa tuje kwa Pinto, na hapa tutakaa kidogo.

Alizaliwa Nairobi tarehe 31 Machi 1927, katika familia ya Wagoa, yaani watu wenye asili ya Goa, India. Baba yake alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Kama watoto wengi wa Kigoa wa wakati ule, alipelekwa India akiwa mdogo ili asome. Kule alisoma sayansi, akapita kwa muda mfupi katika jeshi la anga, kisha akaajiriwa na idara ya posta na simu mjini Bombay, ambako aliingia katika mgomo wa wafanyakazi. Akajiunga pia na harakati za kuikomboa Goa kutoka kwa Wareno. Wareno walipoanza kuwasaka wenzake alirudi Kenya, mwaka 1949, akiwa na miaka 22. Lisisitizeni hilo, kwa sababu watu hudhani siasa alifundishwa na Nairobi. Alifika akiwa tayari anajua mgomo hupangwaje na gazeti hutumiwaje.

Nairobi alijifunza Kiswahili, akafanya kazi katika ofisi za chama cha Wahindi kwenye jumba la Desai Memorial, akahariri gazeti la Daily Chronicle, na akawa karibu sana na viongozi wa KAU, chama cha Waafrika kilichodai haki na uhuru. Hali ya hatari ilipotangazwa Oktoba 1952 na akina Kenyatta kukamatwa, yeye alikuwa miongoni mwa waliohangaika kutafuta mawakili na fedha za kesi ya Kapenguria. Upande wa utetezi uliongozwa na D. N. Pritt kutoka Uingereza, pamoja na Achhroo Kapila, Fitz de Souza na Jaswant Singh wa hapa Kenya, Dudley Thompson wa Jamaika, H. O. Davies wa Nigeria na Chaman Lall wa India. Mgeni akisikia orodha hiyo huelewa mara moja kwamba mapambano ya Kenya yalikuwa na mikono mingi. Pinto aliwasaidia pia wapiganaji wa Maumau, kwa fedha na hata kwa silaha.

Januari 1954 alimwoa Emma Dias. Baba mkwe aliwapa fedha za kuanzia maisha. Pinto akanunua mashine ya kupiga chapa. Miezi mitano baadaye alikamatwa, akapelekwa kizuizini kwenye kisiwa cha Manda, mkabala na Lamu. Alikaa huko karibu miaka 4, kisha akahamishiwa Kabarnet kwa amri ya kutotoka eneo hilo hadi 1959. Hesabuni pamoja na mgeni: ndoa ya miezi mitano, halafu kifungo cha miaka mitano bila hata siku moja mahakamani.

Alipotoka hakupumzika. Mwaka 1960 alianzisha gazeti la Sauti ya KANU, la chama kilichokuja kutawala Kenya baada ya uhuru. Baadaye akaongoza kampuni ya Pan African Press, iliyochapisha Sauti ya Mwafrika, Pan Africa na Nyanza Times. Mwaka 1963 aliingia katika bunge la pamoja la Afrika Mashariki, na Julai 1964 akawa mbunge maalum wa Kenya. Taasisi ya Lumumba, iliyofunguliwa mwishoni mwa 1964 kufundisha makada wa KANU, ilikuwa pia kazi ya mikono yake. Alisimama upande wa Oginga Odinga katika mvutano mkubwa wa miaka ile kuhusu ardhi na nani anufaike na uhuru. Usipomweleza mgeni juu ya mvutano huo, kifo cha Pinto kitamfikia kama ajali ya barabarani.

Aliuawa asubuhi ya tarehe 24 Februari 1965, kwenye lango la nyumba yake huko Westlands, akiwa ndani ya gari akisubiri lango lifunguliwe. Binti yake mdogo, Tereshka, alikuwa kiti cha nyuma. Pinto alikuwa na miaka 37. Siku 3 kabla, Malcolm X alikuwa ameuawa New York. Wawili hao walikuwa wamekutana Nairobi mwaka 1964. Semeni kwamba walijuana na kwamba tarehe zimekaribiana, msivuke hapo. Kuna waelekezi wanaounganisha mauaji hayo mawili kuwa njama moja, na hilo halina ushahidi.

Msimwache Emma njiani. Septemba 1965 alisafiri hadi Santiago, Chile, kupokea tuzo ambayo shirika la kimataifa la wanahabari lilimpa marehemu mumewe. Mwaka 1967 alihamia Kanada na mabinti zake watatu, akaishi huko hadi alipofariki mwaka 2020. Nchi yenyewe ilichelewa. Ilipofika 2008 ndipo sura ya Pinto ilipotokea kwenye stempu za mashujaa wa Kenya.

Kutoka hapo mvusheni mgeni hadi kwa Murumbi. Hakuzikwa ubavuni mwa Pinto, na kosa hilo limechapishwa mara nyingi. Pinto yumo ndani ya eneo la makaburi. Murumbi yuko nje yake, bustanini. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyomletea shida baadaye, tutaona.

Murumbi alizaliwa Eldama Ravine mwaka 1911. Baba yake, Peter Zuzarte, alikuwa mfanyabiashara Mgoa. Mama yake alikuwa Mmaasai, binti wa laiboni, yaani kiongozi wa kiroho. Alisajiliwa kwa jina la Joseph Zuzarte. Jina la Murumbi ni la upande wa mama, na alilichukua alipoingia siasa. Naye alipelekwa India utotoni, akasoma Bangalore na Bellary, akarudi katika miaka ya 1930. Miaka ya 1940 aliitumia Somalia, katika utawala wa kijeshi wa Waingereza. Alirudi Nairobi wakati mbaya kabisa: viongozi wa KAU walipokamatwa, yeye ndiye aliyeshika nafasi ya katibu mkuu. Hapo ndipo alipofanya kazi bega kwa bega na Pinto. Mwaka 1953 alitoka nchini ili asikamatwe, akapitia India na Misri, akafika London, ambako kwa miaka mingi alikuwa mmoja wa makatibu wa chama kilichopinga ukoloni na pia aliajiriwa katika ubalozi wa Moroko. Huko alikutana na Sheila Kaine, aliyekuja kuwa mkewe.

Alirudi 1962. Baada ya uhuru akawa Waziri wa Nchi, kisha Waziri wa Mambo ya Nje. Mei 1966, baada ya Odinga kujiuzulu, aliteuliwa Makamu wa Rais. Alikiacha kiti hicho mwaka uleule, na Januari 1967 kikachukuliwa na Daniel arap Moi. Katika siasa zetu ni nani mwingine aliyekifikia kiti cha pili kwa ukubwa nchini akakiacha kwa hiari ndani ya miezi michache? Mgeni atauliza sababu. Murumbi aliingia katika biashara, na hiyo ndiyo habari iliyotangazwa. Lakini kumbukumbu alizoacha zinaonyesha wazi jinsi kifo cha Pinto kilivyomvunja moyo, na jinsi alivyochukizwa na ulafi aliouona serikalini.

Kuanzia hapo maisha yake ni ya mkusanyaji. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, yeye, Sheila na Mmarekani Alan Donovan walianzisha African Heritage, duka na jumba la sanaa ya Kiafrika mjini Nairobi. Nyumbani kwake Muthaiga alikusanya vitabu na nyaraka zaidi ya 50,000, vikiwemo vitabu kama 8,000 vilivyochapishwa kabla ya 1900, pamoja na vinyago, nguo, stempu na vito. Alikuwa na wanunuzi wa ng'ambo, akachagua kuiuzia serikali ya Kenya ili vitu vibaki nyumbani. Vitabu na nyaraka vilikwenda Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa, Moi Avenue, na mgeni anaweza kuviona baada ya matembezi. Mkusanyo mwingine uko Nairobi Gallery, katika jengo la zamani la mkuu wa mkoa. Nyumba ya Muthaiga haikupata bahati hiyo. Makubaliano yalikuwa iwe kituo cha utafiti wa mambo ya Afrika, lakini ilibomolewa, miti aliyoipanda ikakatwa na kiwanja kikagawanywa. Murumbi aliyaona hayo akiwa hai. Alifariki Juni 1990.

Sheila alifariki mwaka 2000, akazikwa kando yake. Tafadhali mtajeni. Watu husimama pale wakasoma jina moja na kuondoka, ilhali mkusanyo ule ulikuwa kazi ya watu wawili.

Sasa ile shida tuliyoidokeza. Kaburi lililo ndani ya uzio wa makaburi lina ulinzi fulani wa sheria na wa desturi, kwani hata mnyakuzi wa ardhi husita kuchimba msingi juu ya wafu. Kaburi lililo peke yake bustanini halina kinga hiyo. Kaburi la Murumbi liliharibiwa, na ardhi ya jirani ikawa inanyemelewa. Hapo ndipo Donovan na wenzake walipounda wakfu wa Murumbi, na mwaka 2009 bustani ya kumbukumbu ikafunguliwa kulizunguka kaburi. Sanamu mnazoziona pale ni za wasanii aliowathamini, kama Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Ni pambo, lakini pia ni mipaka: mahali penye sanamu, njia na wageni kila wiki hapageuzwi kiwanja kimyakimya. Kwa hiyo matembezi yenu yenyewe ni sehemu ya ulinzi.

Tuseme kidogo juu ya mawe, maana mmekuwa mkiuliza. Mawe ya kaburi huharibiwa zaidi na wanaoyapenda kuliko na mvua. Mtu anakuja na jiki, brashi ya waya na nia njema. Jiwe linang'aa kwa mwezi mmoja, kisha linaanza kumomonyoka unga unga. Dawa yenye klorini huacha chumvi ndani ya vitundu vya jiwe, na chumvi hiyo ikikauka hupanuka na kusukuma uso wa jiwe nje. Asidi ni mbaya zaidi kwa marumaru: ndimu, siki na dawa ya kusafishia choo zote hula marumaru na kuzipunguza herufi. Waya huacha vipande vya chuma vinavyoshika kutu na kuweka madoa mekundu yasiyotoka.

Fanyeni hivi. Kwanza piga jiwe picha, mbele na pembeni, kabla hujaligusa. Kisha ligonge polepole kwa kidole: likitoa sauti ya uwazi ndani, au uso wake ukimeguka, acha, usilisafishe kabisa. Likiwa imara, lilowanishe kwa maji safi mpaka lishibe. Tumia brashi laini ya nyuzi za asili, na anza chini kwenda juu, ukisuuza mara kwa mara. Ukianza juu, maji machafu yanateremka kwenye jiwe kavu na kuchora michirizi inayoshika. Ndani ya herufi tumia kijiti cha mianzi, kamwe si msumari wala kisu. Mtungi wa lita 20 kwa jiwe moja ndio mwanzo, na mara nyingi utahitaji wa pili. Madoa ya kijani yakibaki, yaacheni. Jiwe lenye umri halipaswi kuonekana jipya.

Udongo mwekundu wa Parklands nao una tabia yake. Mvua kubwa hurusha matone ya tope hadi sehemu ya chini ya jiwe, na herufi za mistari ya mwisho ndizo zinazofunikwa, ambazo mara nyingi ndizo zenye tarehe ya kifo. Msilime majani yote kulizunguka kaburi hadi udongo uwe mtupu. Majani mafupi ndiyo yanayozuia tope. Jiwe lililopasuka msilizibe kwa saruji. Saruji ni ngumu kuliko jiwe, haipumui, na ufa mpya hutokea kando yake. Na herufi za chuma zikilegea, ziokoteni, ziandikeni namba na kuzikabidhi kwa wasimamizi siku hiyohiyo, kwa sababu wauza chuma chakavu hawachelewi.

Kusoma maandishi yaliyofifia hakuhitaji chaki wala unga. Njooni asubuhi mapema au jioni, jua likiwa chini, au mulikeni tochi kutoka pembeni huku mwenzenu akikinga mwanga kwa koti. Kivuli huzijaza herufi, na simu ya kawaida inatosha kupiga picha.

Wapo wengine wengi pale ambao majina yao hayajulikani, na mtapenda kuwasimulia. Kabla jina halijaingia katika matembezi, litafuteni mahali pawili panapojitegemea: rejesta ya maziko na gazeti la wiki ile, kwa mfano, au tangazo la mirathi katika gazeti rasmi la serikali na faili kule Hifadhi ya Nyaraka. Mawe hukosea. Mwaka wa kuzaliwa huandikwa na wafiwa kwa kukisia, na jina la Kigoa au la Kihindi huandikwa na fundi kwa jinsi alivyolisikia. Na kaburi la mtu wa kawaida ambaye jamaa zake wanakuja kuweka maua si kituo cha matembezi, hata kama jiwe lake ni zuri.

Limebaki swali ambalo mtaulizwa kila mara mbele ya Pinto: nani alimuua? Jibuni kwa yaliyo kwenye kumbukumbu. Walishtakiwa vijana wawili. Chege Thuo aliachiliwa. Kisilu Mutua alihukumiwa kunyongwa, adhabu ikabadilishwa kuwa kifungo cha maisha, na alitoka jela mwaka 2001 akisema vilevile alivyosema mwanzo, kwamba hakumuua. Jaji Mkuu Ainley, aliyeisikiliza kesi, alisema mwenyewe kwamba ilionekana haijakamilika na kwamba huenda waliohusika hawakuwa wote mbele ya mahakama. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano ililirudia jambo hili katika ripoti yake ya 2013. Hakuna aliyewahi kushtakiwa kwa kuagiza mauaji hayo. Majina yanayotajwa mitaani msiyarudie pale. Mabinti wa Pinto wamesubiri ukweli tangu 1965, na uvumi unaosemwa juu ya kaburi la baba yao hauwasogezi mbele. Mgeni akitaka zaidi, mwelekezeni kwenye kumbukumbu za bunge za 1964 na 1965, asome Pinto alisema nini na nani alimjibu. Kisha mwongozeni mpaka kwa Murumbi, mkimkumbusha kwamba siku ile ya Februari Murumbi alikuwa waziri katika serikali hiyohiyo.